Mtoto anajua dunia ni duara, sasa muulize amejuaje

Mtoto wa darasa la tatu ukimuuliza dunia ina umbo gani atakujibu duara, bila hata kufikiria, na ukimpa karatasi atakuchorea. Sawa. Ila usiondoke kwanza, ongeza swali lingine, muulize sisi watu tunakaa sehemu gani ya hilo duara, na je mtu akitembea siku nyingi sana mbele tu bila kukata kona atafika wapi, hapo ndo utajua mtoto amebeba nini hasa kichwani.

Mwaka 1992 watafiti wawili, Stella Vosniadou na William Brewer, walitoa utafiti wao ambao walikaa na watoto 60 wa Marekani wa darasa la kwanza, la tatu na la tano, wakawauliza maswali ya namna hiyo hiyo. Wengi walishasikia kwamba dunia ni duara. Lakini walipobanwa kidogo, wapo waliosema dunia ni duara lenye uwazi ndani na sisi tunaishi humo ndani kwenye sehemu tambarare, wapo waliosema ni duara lakini limelala bapa, na wapo waliosema dunia ziko mbili, moja ya duara ipo huko juu angani ndo ile mwalimu anayoisema, na nyingine tambarare ndo hii tunayoikanyaga.

Hao watoto sio wajinga, naomba tuelewane hapo mapema maana ndo msingi wa yote ninayotaka kusema. Macho yao yanaona ardhi tambarare, mwalimu na kitabu wanasema duara, mtoto hawezi kumkatalia mwalimu na hawezi kuyakatalia macho yake, kwahiyo anakaa anatengeneza dunia ambayo wote wawili wako sahihi. Hiyo ni akili kubwa sana inafanya kazi. Shida ni kwamba mtihani utauliza "dunia ina umbo gani", ataandika duara, atapata vema, na hakuna mtu atakayejua kwamba kichwani mwake kuna dunia mbili. Anapanda darasa nazo hivyo hivyo.

Hoja yangu ni hii: kwenye sayansi na maarifa ya jamii shule ya msingi tunawapa watoto majibu na tunawaficha njia. Mtoto anaambiwa kilichojulikana, haambiwi kimejulikanaje, na kwa mtazamo wangu hiyo "kimejulikanaje" ndo somo lenyewe. Majibu bila njia ni ya kukariri tu, yanashika mpaka siku ya mtihani alafu yanaondoka.

Chukua hilo hilo la dunia. Zaidi ya miaka 2200 iliyopita kulikuwa na mtu anaitwa Eratosthenes, alikuwa mkuu wa maktaba ya Alexandria kule Misri. Alipata habari kwamba kwenye mji wa Syene, ambao leo ni Aswan, siku moja kwa mwaka saa sita mchana jua linakuwa juu ya kichwa kabisa, linamulika mpaka chini ya kisima. Alexandria siku hiyo hiyo saa hiyo hiyo kitu kilichosimama wima kinatoa kivuli. Akapima pembe ya kile kivuli akakuta ni kama nyuzi 7.2, yaani sehemu moja ya 50 ya duara zima, akachukua umbali kati ya miji hiyo miwili, stadia 5000, akazidisha mara 50 akapata mzingo wa dunia stadia 250,000. Wataalamu bado wanabishana stadia moja ilikuwa na urefu gani hasa lakini kwa makadirio mengi jibu lake halikuwa mbali na kilomita 40,000 tunazozijua leo. Kijiti, kivuli, umbali kati ya miji miwili na hesabu ya kuzidisha ambayo mtoto wa darasa la tano anaijua, basi. Kwanini hii haipo kwenye daftari la kila mtoto mimi sielewi kabisa.

Na ona kilichopo hapo: pembe ya jua ni sayansi, umbali kati ya miji ni jografia, maktaba na mji ni historia. Sisi ndo tuliochora mstari katikati tukasema hiki kipindi cha saa tatu, hiki kipindi cha saa tano.

Sasa simikeni kijiti uwanjani, kiwe wima, ardhi iwe sawa. Kila saa mtoto mmoja anaenda kuweka jiwe dogo pale ncha ya kivuli ilipofika. Asubuhi kivuli kirefu, kinafupika kinafupika, alafu mchana kinaanza kurefuka upande wa pili. Mwisho wa siku mna mstari wa mawe. Mtoto anaambiwa atafute jiwe lililo karibu zaidi na kijiti, hapo ndo mchana kamili wa mahali hapo, na kwa kawaida kivuli cha wakati huo kinaelekea kaskazini au kusini barabara, kwahiyo bila dira mmeshapata pande za dunia (na kwa wanaoishi karibu na ikweta kuna siku kivuli kinapotea kabisa, ambayo nayo ni habari kubwa). Lakini atatokea mtoto mmoja, lazima atokee, ataangalia saa ya ukutani atasema mwalimu mbona kivuli kilikuwa kifupi kabisa na saa haikuwa sita kamili? Hilo swali ni dhahabu. Maana jibu lake kwa sehemu kubwa sio la jua, ni la watu: zamani kila mji ulikuwa na saa yake kufuatana na jua lake, reli na meli zikaleta mvurugano, mwaka 1884 wawakilishi wa nchi wakakutana Washington wakachagua mstari unaopita Greenwich kule Uingereza uwe sifuri ya kuhesabia, na baadae dunia ikazoea kugawa saa kwa kanda, kwahiyo saa ya ukutani ni makubaliano na kivuli ni jua lenyewe. Mtoto ameanza na kijiti amefika kwenye siasa ya kimataifa kabla ya kengele.

Upande wa historia pia kuna kitu kinanikera kwa muda mrefu. Watoto wengi wamehadithiwa kwamba Columbus alipotaka kusafiri 1492 kwenda Asia kwa kupitia magharibi watu walimcheka wakidhani dunia ni tambarare na ataanguka pembeni. Sio kweli. Wasomi wa Ulaya wakati huo walijua dunia ni duara, na wasomi wa Kiislamu nao walikuwa wameshapima mzingo wake karne nyingi nyuma. Ubishi ulikuwa ni ukubwa, na kwenye ubishi huo waliompinga Columbus ndo walikuwa sahihi, yeye aliifanya dunia kuwa ndogo kuliko ilivyo, kama lisingekuwepo bara katikati ya safari angekufa njaa yeye na mabaharia wake. Hadithi ya tambarare ilipata umaarufu sana baada ya mwandishi Washington Irving kuitia kwenye kitabu chake cha 1828. Yaani zaidi ya miaka 330 baada ya tukio mtu ananogesha hadithi, inaingia kwenye vitabu vya shule, vizazi vinaisoma. Mtoto aliyezoeshwa kuuliza "tumejuaje, nani kasema, kaandika lini" angeikamata hiyo mapema sana.

Na vitabu vya sayansi vina yake. Kuna ile picha ya ulimi uliogawanywa maeneo, utamu mbele, uchungu nyuma, chumvi na uchachu pembeni. Ilianzia kwenye kazi ya Mjerumani Hänig ya 1901 ambaye alichosema ni kwamba kuna tofauti ndogo ndogo za usikivu, mwaka 1942 mwanasaikolojia wa Marekani Edwin Boring akaichora upya kwa namna iliyowafanya watu waelewe vibaya, na kuanzia hapo ikakaa vitabuni miaka na miaka wakati ukweli ni kwamba sehemu zote za ulimi zenye vionjio zinasikia ladha zote. Kinachonishangaza ni kwamba hili ni jambo ambalo mtoto yeyote angeweza kulipima mwenyewe kwa tone la maji ya chumvi kwenye ncha ya ulimi. Mamilioni ya watoto wamechora ile picha, wameipaka rangi, wamejibu maswali yake, na hakuna aliyeambiwa hebu jaribu.

Nije kwenye mimea maana hapa ndo naona hasara kubwa. Muulize mtoto, hata mtu mzima, mti mkubwa umetoa wapi ule uzito wote, atakwambia ardhini. Wakati huo huo ana mchoro wa usanisinuru (jinsi mmea unavyojitengenezea chakula) kwenye daftari, ameandika hewa ya kabonidayoksaidi na maji na mwanga, vyote sahihi. Vitu viwili vinaishi kichwani havijuani. Sasa kwenye karne ya 17 mtu mmoja Jan Baptist van Helmont alipanda mche wa mti wa willow kwenye chombo chenye udongo mkavu aliopima, kama kilo 90, akawa anamwagilia maji tu. Baada ya miaka 5 akaupima mti, umeongezeka karibu kilo 74. Akaukausha udongo akaupima, umepungua gramu chache tu, hazifiki hata 100. Hebu mpe mtoto hizo namba kabla ya kumpa mchoro wowote, muache akae nazo. Kilo 74 zimetoka wapi? Van Helmont mwenyewe alisema zimetoka kwenye maji, na hapo alikuwa sahihi nusu, maana hakuwaza kwamba hewa inaweza kuwa na uzito wa kutengeneza mti, ilibidi waje watu wengine zaidi ya miaka 100 baadae kuonyesha hivyo. Mtoto akipita njia hiyo anajifunza usanisinuru na anajifunza kingine kikubwa zaidi, kwamba mtu makini, aliyepima kwa uangalifu, anaweza kukosea na bado kazi yake ikawa na faida kwa anayekuja nyuma yake. Hilo huwezi kulipata kwenye swali la kujaza nafasi zilizoachwa wazi.

Kuna mtu atasema watoto wadogo hawawezi hayo, wapewe ukweli kwanza watauliza wakikua. Nakataa, na nina mfano ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 1990 Watson na Konicek waliandika kuhusu darasa la nne moja huko Massachusetts ambako mwalimu aliwauliza watoto joto linatoka wapi, wakataja jua, moto, na wakataja pia masweta na kofia. Walikuwa na uhakika kabisa kwamba sweta linatengeneza joto, wamelivaa miaka yote wanajua. Mwalimu hakuwasahihisha. Akawapa vipimajoto wakaviweka ndani ya masweta na kofia, wakasubiri. Namba hazikupanda. Unadhani waliacha? Wakasema muda haukutosha, wakaviacha usiku kucha, bado. Wakasema hewa baridi imepenya, wakatafuta namna ya kuziba, wakarudia. Bado. Siku zinaenda na mwalimu anawaacha, na mimi nikisoma hapo naona sayansi tupu, kudhani, kupima, kutetea dhana yako, kubadilisha jaribio, mpaka unaishiwa pa kukimbilia. Walipofika mahali wamechoka ndo akawaletea wazo lingine, kwamba labda joto linatoka mwilini na sweta linalizuia tu lisitoke, wakaenda kulijaribu hilo. Watoto wa darasa la nne hao. Uwezo wanao, tunachowanyima ni muda.

Na muda ndo kwenye matatizo yetu. Shule nyingi duniani likija suala la kubana ratiba sayansi na maarifa ya jamii ndo vya kwanza kukatwa madarasa ya chini, eti watoto wajue kwanza kusoma na hesabu. Naelewa hofu hiyo, mtoto asiyejua kusoma ni janga. Lakini kusoma hakusimami peke yake. Watafiti Recht na Leslie mwaka 1988 walichukua wanafunzi 64 wakawapa habari ya mchezo wa besiboli waisome, na waliojua besiboli lakini ni wasomaji dhaifu waliielewa habari ile vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua mchezo. Mtu anaelewa anachosoma kwa sababu tayari anajua vitu kuhusu dunia, na hivyo vitu vinatoka wapi kama sio kwenye masomo haya mawili? Ukiyakata ili mtoto asome vizuri unamkata miguu yule yule unayetaka akimbie.

Angalia pia tunavyopima. Mtihani wa kimataifa wa TIMSS ulianza 1995 unarudi kila baada ya miaka 4, unapima hisabati na sayansi kwa darasa la nne na la nane. PIRLS unapima kusoma kwa darasa la nne tangu 2001. Maarifa ya jamii? Upo wa uraia, ICCS, ila unagusa darasa la nane. Kwa mtoto mdogo karibu hakuna anayelinganisha nchi na nchi kwenye jamii, na serikali zinaangalia kunakoangaliwa, ndo ukweli wenyewe.

Labda ndo maana maarifa ya jamii yamebaki na mpangilio ule ule wa mimi, familia yangu, shule yangu, mtaa wangu, nchi yangu, alafu dunia. Mpangilio huo ulienea sana karne ya 20 na Mmarekani Paul Hanna ndo jina linalotajwa nao zaidi, na wazo lake sio baya, anza na kilicho karibu. Ila mtoto wa miaka 7 familia anaijua, kazaliwa humo. Mtoto huyo huyo jioni anataka habari za dinosaria na sayari na wafalme wa zamani, vitu vya mbali kabisa, sisi tunamwandikisha "baba, mama, kaka, dada" mwaka mzima. Ya karibu yasomwe kwa kuchunguzwa, yasiwe ya kutajwa tu. Mfano, mapumziko kumetokea ugomvi wa mpira, lile goli liliingia au halikuingia. Wakirudi darasani kila mmoja aandike alichokiona kabla hawajaongea. Zisomwe kwa sauti tano au sita. Hazitafanana! Sasa uliza: nani alikuwa karibu, nani aliambiwa na mwenzake, nani yupo timu gani, ni kipi wote wamekubaliana hata wale waliogombana. Siku ya pili wafungue kitabu cha historia kwenye vita yoyote wajiulize maswali hayo hayo kuhusu aliyeandika. Hicho ndo wanahistoria wanachofanya kila siku kazini kwao na mtoto wa miaka 9 anakiweza.

Ramani vivyo hivyo. Ile ya Mercator ya 1569 ilitengenezwa kwa ajili ya mabaharia, mstari mnyoofu kwenye ramani unakupa uelekeo mmoja wa dira safari nzima, kwa kazi hiyo ni nzuri mno. Ila ukiibandika ukutani darasani bila maelezo mtoto anaona Greenland inalingana na Afrika wakati Afrika ina kama kilomita za mraba milioni 30 na Greenland milioni 2 na kidogo, yaani Afrika inaingiza Greenland kama mara 14. Mpe mtoto mpira uliopasuka ajaribu kuulaza bapa mezani, utachanika au utajikunja, hapo ameelewa mwenyewe kwamba kila ramani ya karatasi inavuta mahali, na swali linabaki imevuta wapi na kwa faida ya nani. Mabara nayo hivyo hivyo, kuna nchi zinafundisha ni 7, nyingine 6 kwa kuunganisha Amerika zote mbili au Ulaya na Asia, na wote wako sawa kulingana na walivyoamua kugawa. Mtoto akilijua hilo hachanganyikiwi kama watu wanavyoogopa, anatulia zaidi, anajua vipi vimekutwa na vipi vimepangwa na watu.

Sijasema kukariri kufe. Mtoto asiyejua jina la kitu hawezi kukifikiria vizuri, majina ya viungo, ya sayari, ya bahari, ayajue. Namba za van Helmont hazimwambii kitu asiyejua kilo ni nini. Ila kuna kipimo: ukimaliza mada na mtoto hawezi kukwambia hata ushahidi mmoja wa kile alichojifunza, hiyo mada haijafundishwa, imetangazwa tu.

Majira ya mwaka ni mfano mzuri wa mada inayotangazwa. Watu wazima kibao wenye vyeti vyao wanaamini kunakuwa na joto kwa sababu dunia imesogea karibu na jua. Kitabu walichosoma kilisema ni mwinamo wa mhimili, yaani dunia inazunguka ikiwa imeinama, nyuzi 23 na nusu hivi, waliandika, wakapata maksi. Lakini hakuna aliyewawekea mezani jambo moja la kugombana nalo, kwamba dunia inakuwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kama kilomita milioni 147, wakati nusu ya kaskazini iko kwenye baridi na nusu ya kusini iko kwenye joto. Sentensi moja hiyo ingevunja dhana yote, mtoto angelazimika kutafuta maelezo mengine na mwinamo ungeingia ukiwa jibu la swali lake mwenyewe.

Walimu wengi wanayajua haya, wala siwalaumu. Mwalimu mwenye watoto wengi, mada kibao za kumaliza na mtihani mbele yake hawezi kukaa siku kadhaa na masweta. Kinachotakiwa kubadilika ni mtihani na idadi ya mada, na vyote viko kwa wanaoandika mitaala sio kwa mwalimu. Badala ya "taja sehemu nne za mmea" mpe mtoto jedwali la urefu wa kivuli kila saa kuanzia asubuhi mpaka jioni, muulize mchana kamili ulikuwa saa ngapi na amejuaje. Badala ya "vita ilianza mwaka gani" mpe maelezo mawili mafupi ya tukio moja yanayopingana, muulize aamini yapi kati ya hayo na kwanini. Maswali ya aina hiyo yanasahihishika vizuri tu. Na mada zikatwe, mimi ningeanza na zile orodha ndefu za kutaja ambazo mtoto akizihitaji atazikuta kitabuni kwa dakika moja, muda unaobaki uende kwenye mada chache zinazofundishwa mpaka chini, hata kama mwaka ukiisha mtoto amezipitia kumi tu.